Mtoto wa Sikudhani

Utepe wa mkononi ulimpwaya,
wakaufunga mguuni, mizunguko miwili:
Mtoto wa Sikudhani. Gramu elfu moja na ishirini.
Pakiti ya vijiti vya kuchomelea ninayonunua Rangi Tatu
inamzidi mara mbili na ushee.
Nimepiga hesabu hiyo bila kutaka. Mimi fundi, napima kila kitu.

Nesi ananivua shati.
Kifua changu kina madoa ya cheche,
miaka kumi na moja ya mageti na nondo za madirisha
ya watu wanaoogopa wezi.
"Hapo hapo," anasema, "ngozi kwa ngozi,"
anambandika kama stempu,
kisha anatufunga pamoja kwa kanga ya mama yake.

Wanamwita njiti.
Mimi njiti nilizijua za kibiriti: unawasha, unatupa.
Huyu hatupwi.
Huyu anakingiwa upepo kwa viganja viwili.

Kitanda cha tatu kuna chupa ya maji inayotokota bila moto,
na mrija unaoingia puani mwa mtoto mwingine.
Nikauliza ni nini. Oksijeni.
Naijua hiyo! Karakana tuna mtungi wake,
ndiyo tunayokatia chuma.
Sikudhani kama inaunga pia.

Nesi Tumpe wa zahanati ya Charambe
alikuwa ameshaandika kwa wino mwekundu:
kondo la nyuma limekaa mlangoni.
Nami ndiye Kondo, nimerithi jina la babu,
basi majirani wakacheka: mume kaziba njia.
Nesi Tumpe hakucheka. Alinipa namba ya simu
akanikaririsha kama mtoto wa chekechea:
ikitoka damu usisubiri kukuche,
usitafute bodaboda, usimuulize shangazi. Piga.

Ilitoka saa nane na robo usiku.
Nikapiga. Aliyepokea akampigia mwingine, naye mwingine.
Likaja gari, na ndani yake mtu
aliyejua jina la mke wangu na kundi lake la damu
kabla sijafungua mdomo.
Barabara ya Kilwa ilikuwa tupu, taa nyekundu hatukuzihesabu.
Tulipofika Temeke mlango ulikuwa wazi,
daktari ameshanawa, mikono iko juu inachuruzika maji.
Mimi hutengeneza milango. Najua kugonga, najua kusubiri nje.
Mlango ulionisubiri mimi, huo sijui niuseme vipi.

Haumsubiri kila mtu.
Mama wa kitanda cha dirishani alitoka mbali, nyuma ya Kigamboni,
na hakuna aliyempa namba.
Asubuhi kitanda kikatandikwa shuka safi,
sote tukatazama ukuta.

Sikudhani yuko ghorofa ya juu.
Ndani yake kuna chupa tatu za damu za watu nisiowajua;
mmoja, nasikia, ni mlinzi wa getini hapa hapa.
Kila baada ya saa tatu maziwa yake hushuka ngazi
ndani ya bomba la sindano, mililita sita,
nesi kayabeba kama anayebeba yai la kuazima.
Mkono wangu hautetemeki mbele ya moto.
Mbele ya mililita sita unatetemeka.

Wenzangu wa karakana wananipigia kunitania:
"Kondo, siku hizi una mimba?"
Ninayo.
Wiki kumi zilizobaki nazimalizia mimi.

Usiku joto la Dar linasimama wodini kama mgeni asiyeaga.
Jasho linanitiririka, sijikuni, sipumui kwa nguvu.
Akisahau kuvuta pumzi, namgusa unyayo kwa kidole,
anakasirika, anavuta.
Hasira hiyo naipenda kuliko kitu chochote.

Karani wa zamu kaja na daftari, anataka jina.
Nimeinama kumtazama.
Kanga imekunjika, pindo limemeza msemo wake wote,
limebaki neno moja, juu kidogo ya kisogo chake:
BADO.